Mama Jirani na Mlima Usio na Upara

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha mipango ya misitu, Mama Jirani anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Jina lake halisi lipo kwenye faili la utumishi, nasi tumeliacha hukohuko lipumzike.

Hili la Jirani alijipatia kazini. Ukimpelekea kitalu cha msitu kiingie kwenye mpango wa uvunaji, hakuuliza kina miti mingapi. Aliuliza jirani yake ana hali gani. Kanuni yake ni moja: vitalu viwili vinavyopakana havikatwi pamoja. Kimoja kikivunwa, cha pili kinasimama mpaka miche mipya ya mwenzake impite mtu kimo. Vinginevyo mlima unabaki na upara, wanyama hawana pa kupitia, na mvua inashusha udongo wote mtoni.

Basi, hata yeye yalimkuta. Msitu wetu ulichorwa kwenye karatasi mbili, moja ukuta huu, nyingine ukuta ule. Siku mafundi rangi walipokuja, ramani zikashushwa na kutandazwa sakafuni, zikagusana. Mama Jirani, aliyevua viatu asije akazichafua, akaona kitalu cha mwisho cha karatasi ya kwanza kinapakana na cha kwanza cha karatasi ya pili, na vyote amevipaka rangi ya kukatwa mwaka uleule. Lo! Kimoja kilishavunwa. Kwenye cha pili wakata miti walikuwa wanatia mafuta misumeno.

Alitoka mbio, peku vilevile, akarukia gari la miche, akafika mlimani ana majani kichwani. Akaukumbatia mti wa kwanza na kuwaambia kama ni kukata, waanze na yeye. Msimamizi wao anasimulia mpaka leo kwamba walizima misumeno si kwa kuelewa kanuni, bali kwa kumwogopa yule mama. Tangu hapo ramani zimeunganishwa na kubandikwa koridoni, zikafunika mpaka mlango wa mhasibu, ambaye sasa anaingia ofisini kwake kwa kupitia bwawa la kwenye ramani.

Kanuni ikatuhamia na sisi. Wenye meza zinazopakana hawaendi likizo pamoja. Katibu muhtasi aliahirisha fungate kwa sababu jirani yake alikuwa amejifungua. Mume wa Mama Jirani naye analalamika kwamba hata matuta ya mchicha nyumbani anachuma kwa zamu.

Meza yangu inapakana na yake. Mwezi uliopita uhamisho wangu ulitoka, niende kuishi na mke na watoto walio mbali, na tarehe ni hiyohiyo anayoondoka yeye. Nilimwambia kwa furaha. Alinipongeza, kweli kabisa, kisha akachora meza zetu mbili, akazipaka rangi moja, akaenda kunywa chai. Nilikasirika siku nzima. Nilijua anachosema: afisa mipango mpya anaripoti Jumatatu, na nani atamwonyesha mlima?

Juzi nimeomba uhamisho usogezwe mwaka mmoja. Mke wangu amenuna, na ana haki. Mtoto wetu mdogo, niliyemwambia kwamba nasubiri miche mipya ya ofisini ikue, ameuliza itakua lini.

Mama Jirani, asante kwa mlima wenye kivuli. Nenda kapumzike, chuma matuta yote kwa mpigo mmoja, na Mungu akuzidishie afya na vicheko. Jirani yako bado amesimama.