Kwa Bi Mbula, Aliyemfuata Mwenye Nyumba Hadi Akalipa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Mbula Kimanzi atavua aproni ya idara ya dobi ya hoteli yetu hapa Diani, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Aliingia akiwa msichana wa kukunja taulo, akitokea kwa wazazi wake Shimba Hills, na anatoka akiwa msimamizi wa idara nzima. Katika muda huo mameneja wamekuja na kuondoka, kila mmoja na mpango wake wa kubadilisha sabuni. Bi Mbula aliwaitikia wote kwa adabu, akaendelea na sabuni ileile.

Sifa zake za kazi zinajulikana. Shuka yenye doa haikumpita, na vijana wapya walifundishwa shikamoo kabla ya kufundishwa pasi. Lakini mimi, msaidizi wake, sitasamehewa na wenzangu nikisimulia habari za shuka nikaacha habari ya Bwana Chengo.

Bwana Chengo alikuwa mwenye nyumba wake Ukunda. Bi Mbula alipanga kwake vyumba viwili kwa miaka mingi, akilipa kodi kabla hajadaiwa. Alipohamia kwenye kiwanja chake Kombani, ili ajenge nyumba ya kustaafia, aliomba arudishiwe dipoziti aliyoweka siku ya kuingia akanunue mabati. Bwana Chengo alikataa. Alieleza kwamba kuta zimezeeka Bi Mbula akiwa ndani, na mtu hawezi kuizeesha nyumba ya mwenzake bure.

Bi Mbula alikwenda mahakama ya madai madogo, akashinda. Idara nzima tulipika pilau tukidhani yameisha. Kumbe kushinda ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Dalali wa mahakama, Bwana Kombe, alipokwenda kukamata mali, aligundua kwamba mtu anayemiliki nusu ya mtaa alikuwa, kwa mujibu wa sheria, fukara. Nyumba zote ni za mkewe. Gari ni la shemeji. Hata kochi alilokalia akiyaeleza hayo, alisema ameliazima kwa jirani.

Meneja wa wakati huo alimshauri Bi Mbula asamehe tu. Ushauri mzuri, hasa ukitolewa na mtu anayelala chini ya paa. Masika yalikuwa yanakaribia na Bi Mbula alikuwa akilala chini ya turubai. Nilimwona akilia siku moja nyuma ya mashine za kukaushia. Alinawa uso, akaniuliza Bwana Chengo huonekana wapi hadharani.

Jibu lilikuwa rahisi: kwenye harambee. Hakukosa hata moja, na kila mara alichanga fahali mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Fahali huyo alikuwa ameshatolewa kwa shule, kwa msikiti na kwa kanisa. Kila mara alipigwa picha na kupigiwa makofi, kisha akapandishwa lori kurudi zizini kwa Bwana Chengo kule Kinango, kwa ahadi kwamba ataletwa akishanenepa.

Ikafika harambee ya zahanati moja upande wa Msambweni. Bi Mbula aliomba ruhusa kazini, akaenda na Bwana Kombe, nami nikawafuata. Bwana Chengo alishika kipaza sauti.

"Fahali huyu ni wangu mimi," alisema. "Si wa mke wangu, si wa shemeji. Nimemlea kwa jasho langu, na leo nawapa wagonjwa."

Makofi yalipotulia, Bwana Kombe alisogea taratibu, akamfunga fahali kamba shingoni, akasoma hati ya mahakama. Bwana Chengo akasema amechelewa, fahali ni wa zahanati. Hapo watu wakamgeukia Bi Mbula kwa macho makali, wakinong'ona kuhusu mama anayewanyang'anya wagonjwa.

Alisimama, akamwamkia mwenyekiti wa kamati. "Shikamoo, mzee. Kama ni wa zahanati, mimi simtaki. Lakini nawe mfunge kamba yako, asirudi Kinango."

Mwenyekiti alikuwa pia mzazi katika ile shule ambayo bado inamngoja fahali anenepe. Akaleta kamba. Dereva wa lori akazima injini.

Bwana Chengo alitazama kamba mbili, akatazama umati. Akatoa simu, akamlipa Bi Mbula dipoziti yote pamoja na gharama za kesi, akiamini kwamba kamba ya mahakama haina mazungumzo, ila na kamati atazungumza baadaye kama kawaida yake. Bwana Kombe alifungua kamba yake papo hapo. Mwenyekiti hakufungua ya kwake.

Mabati yalipigiliwa kabla ya mvua. Wapangaji wengine wa zamani wa Bwana Chengo wakaanza kurudishiwa chao bila kwenda mahakamani, na kwa kuwa baadhi yao wako idara ya dobi, ndiyo sababu keki ya leo ni kubwa kiasi hiki.

Nimeombwa pia kutangaza kwamba mafao ya Bi Mbula yamelipwa yote, kabla hata hajaondoka. Jambo hilo halijawahi kutokea katika hoteli hii. Uongozi unasema ni kwa mapenzi tu, nasi tunauamini.

Asante, mama, kwa kutufundisha kazi, na kutufundisha kudai haki bila kupaza sauti. Mola akujalie afya, majirani wema, na miaka mingi ya kufuliwa nguo na watu wengine.

Kadzo, Idara ya Dobi