Kivuko cha Magari Sita

MHESHIMIWA: Haloo. Nani mwenzangu?

SHEMEJI: Haloo? Unanipata? Nasikia kama maji yanachirizika.

MHESHIMIWA: Nakupata nusu nusu. Nani huyo?

SHEMEJI: Mdogo wa mke wako. Muuguzi wa zahanati yako. Au mtu akiingia Bungeni mashemeji wanafutwa kwenye simu?

MHESHIMIWA: Aa, shemeji. Namba ngeni hii.

SHEMEJI: Ya fundi baiskeli. Na salio ni lake, kwa hiyo tusirefushe. Hujambo?

MHESHIMIWA: Sijambo. Za nyumbani? Dada yako mzima?

SHEMEJI: Mzima. Amenuna, lakini mzima. Mbona unanong'ona, uko wapi?

MHESHIMIWA: Niko katika jengo la Bunge. Tuko mapumziko.

SHEMEJI: Jengo ni kubwa. Uko wapi humo ndani?

MHESHIMIWA: Chumba cha kunawia mikono.

SHEMEJI: Chooni.

MHESHIMIWA: Chumba cha kunawia mikono, kinachopakana na choo. Bomba lao halifungi. Ndiyo maji hayo unayoyasikia.

SHEMEJI: Basi mna maji mengi kuliko sisi. Shemeji, nataka kukuuliza jambo moja na unijibu kama shemeji, si kama Mheshimiwa. Alhamisi ulimwomba Waziri nini?

MHESHIMIWA: Si mlisikia redioni?

SHEMEJI: Tulisikia, zahanati nzima. Mpaka mgonjwa wa jino alinyamaza. Lakini redio yetu inakoroma, nikasema labda nimesikia vibaya. Uliomba nini?

MHESHIMIWA: Kivuko.

SHEMEJI: Kwa hiyo nilisikia vizuri.

MHESHIMIWA: Shemeji, neno ni sahihi. Kivuko ni mahali pa kuvukia. Fungua kamusi yoyote. Tangu tukiwa watoto, lile gogo la pale kijitoni tunaliita nini? Kivuko. Sasa gogo limeoza, mimi mwakilishi wenu nikasimama nikauliza: je, ni lini Serikali itatujengea kivuko cha kudumu? Kosa liko—

SHEMEJI: Na Waziri akakupa nini?

MHESHIMIWA: [kimya]

SHEMEJI: Haloo?

MHESHIMIWA: Mtandao unasumbua.

SHEMEJI: Mtandao uko safi. Akakupa nini?

MHESHIMIWA: Alisema Serikali ni sikivu. Kwamba imetenga kivuko chenye uwezo wa kubeba magari sita na abiria mia moja.

SHEMEJI: Magari sita. Sisi ambao gari letu ni ile pikipiki ya chanjo.

MHESHIMIWA: Najua.

SHEMEJI: Sasa sikiliza. Leo asubuhi wamekuja watu watatu na gari la Serikali. Wamevaa mabuti ya mpira mpaka mapajani, mmoja amebeba ufito ulioandikwa namba. Akaingia kijitoni, akachomeka ufito wake, akasoma.

MHESHIMIWA: Akasoma ngapi?

SHEMEJI: Maji yalikuwa chini ya goti. Bata wa muuza mkaa walikuwa pembeni yake. Wamesimama, shemeji. Hawaogelei, wamesimama.

MHESHIMIWA: Loo.

SHEMEJI: Mkubwa wao akaniuliza gati lijengwe upande gani. Nikamwambia gati la nini, akanisomea karatasi yenye swali lako.

MHESHIMIWA: Lakini wamekuja upesi.

SHEMEJI: Wee! Miaka minane tumeomba daraja dogo la watu kupita kwa miguu, hajaja hata wa kupima kwa macho. Umeomba kosa, limejibiwa kwa siku nne. Huku tayari kuna watu wanakuita Baba Meli. Huyu fundi baiskeli amenipa simu yake kwa sharti nimwombee unahodha. Barua ameshaandika, ninayo mfukoni. Anasema usukani ni usukani.

MHESHIMIWA: Mwambie nafasi bado hazijatangazwa.

SHEMEJI: Nisimwambie ukweli?

MHESHIMIWA: Mwambie— [mtandao unakwaruza] —taratibu.

SHEMEJI: Nimekukosa hapo katikati. Haya, tucheke tumalize, maana kinachofuata hakichekeshi. Yule mkubwa alikuwa na karatasi nyingine, orodha ya madaraja madogo ya kujengwa kabla ya mvua. Sisi tulikuwa wa saba.

MHESHIMIWA: Wa saba? Tulikuwemo?

SHEMEJI: Tulikuwemo, na hukujua, na mimi sikujua. Akatoa kalamu akatukata mbele ya macho yangu. Nikamuuliza kulikoni, akaniambia mahali pamoja hapapewi njia mbili za kuvukia. Nikamwambia baba, si umeona bata wamesimama? Akasema ameona. Akasema hata kivuko hakitakuja, maji yenyewe hayatoshi kuogeshea ng'ombe. Lakini kauli ya Waziri ndani ya Bunge iko juu ya ufito wake. Orodha lazima ifuate kauli.

MHESHIMIWA: Kwa hiyo hatupati kivuko, wala daraja.

SHEMEJI: Tunapata barua ya fundi baiskeli.

MHESHIMIWA: Hakusema kama kuna namna?

SHEMEJI: Alisema. Aliyeomba asimame mle mle alimoombea, aseme alikosea neno. Jina letu litarudi. Nikauliza lini, akasema mkutano wenu unafungwa leo, na mkirudi mvua itakuwa imeshaingia. Ndiyo maana nakupigia.

MHESHIMIWA: Leo.

SHEMEJI: Shemeji, hapo ndipo panaponishinda kuelewa. Mtu akikuahidi meli kwenye kijito, si unamwambia hapana? Hawakukupa nafasi?

MHESHIMIWA: Nilipewa.

SHEMEJI: Nafasi ya nini?

MHESHIMIWA: Swali la nyongeza. Ukishajibiwa, Spika anakuruhusu uulize tena kidogo.

SHEMEJI: Ukauliza nini?

MHESHIMIWA: Si mlisikia redioni?

SHEMEJI: Hapo ndipo redio ilipokoroma.

MHESHIMIWA: Niliuliza kama kila abiria atapewa jaketi okozi.

SHEMEJI: Jaketi— [kicheko] Subiri. Subiri nikae chini.

MHESHIMIWA: Waziri akathibitisha. Kila abiria, pamoja na watoto. Nikapiga meza nikashukuru.

SHEMEJI: Ulijua saa ngapi kwamba amekusikia vibaya?

MHESHIMIWA: Mambo yale yanakwenda haraka, shemeji. Spika anaita, huyu anakaa, yule anasi—

SHEMEJI: Ulijua saa ngapi?

MHESHIMIWA: Aliposema magari sita.

SHEMEJI: Yaani kabla ya jaketi.

MHESHIMIWA: Kabla ya jaketi.

SHEMEJI: [kimya kirefu]

MHESHIMIWA: Shemeji? Salio limekwisha?

SHEMEJI: Lipo. Natafuta neno ambalo si tusi.

MHESHIMIWA: Tafuta tu, nastahili. Nikueleze? Unajua humu ndani wananiitaje? Kamusi. Mtu akisema "masaa", mimi nasimama kuhusu utaratibu: Mheshimiwa Spika, saa ni saa, moja au kumi. Huyu huyu Waziri nilimsimamisha mwezi uliopita, nikamfanya arudie sentensi nzima kama mtoto wa darasa la pili. Ukumbi ukacheka. Nikakaa, nikarekebisha tai.

SHEMEJI: Ndiye aliyekujibu Alhamisi?

MHESHIMIWA: Ndiye. Na alipokuwa anasema magari sita alikuwa ananitazama. Anatabasamu.

SHEMEJI: Kumbe.

MHESHIMIWA: Sisemi chochote. Nasema alikuwa anatabasamu. Na nyuma yangu anakaa mbunge mwenzangu, yule Mwalimu, mwenye shahada mbili. Mimi nimejua kusoma nina miaka thelathini na moja, shemeji, masomo ya jioni, mchana kutwa napiga lipu, jioni nashika kalamu kwa vidole vyenye saruji. Mwalimu anajua. Nikikosea neno moja anaguna tu, "mm", basi. Nimeishi miaka miwili humu nikiikimbia hiyo "mm".

SHEMEJI: Na hilo swali ulilipeleka hivi hivi, hakuna aliyekusomea?

MHESHIMIWA: Karani wa maswali alinisomea. Mwanamke mstaarabu sana. Akaniuliza kwa upole, "Mheshimiwa, ni kivuko cha majini, au ni daraja la waenda kwa miguu?" Unajua nilimjibu nini?

SHEMEJI: Naogopa kujua.

MHESHIMIWA: Nilimwambia, "Binti, neno hilo nimelipima." Akanyamaza akapiga mhuri. Daraja la waenda kwa miguu niliona ni refu, halina uzito. Kivuko lilikaa vizuri mdomoni.

SHEMEJI: Sasa na mimi nikupimie. Nimepitia daftari la kliniki kabla ya kupanda huku mlimani kutafuta mtandao. Wajawazito wa ng'ambo ya pili wenye tarehe za mwezi wa mvua ni kumi na wanne. Maji yale ya bata, mvua ikinyesha siku mbili, yanafika kifuani. Mwaka jana wawili walijifungulia ukingoni, mimi niko upande huu napaza sauti: mlaze hivi, mshike vile. Mmoja alitoka salama.

MHESHIMIWA: Najua.

SHEMEJI: Yule wa pili—

MHESHIMIWA: Najua, shemeji. Nilikuja msibani.

SHEMEJI: Ulikuja, ukatoa hotuba nzuri. Basi wa kumi na nne kwenye daftari ni mkweo. Mke wa kitinda mimba wako. Nimemshika tumbo Ijumaa, mtoto amekaa vizuri, hana habari na kamusi.

MHESHIMIWA: Hawakuniambia.

SHEMEJI: Walitaka kukuambia Alhamisi jioni. Ukawapigia wewe kwanza, ukazungumza peke yako dakika ishirini kuhusu meli.

MHESHIMIWA: [maji yanachirizika] Spika amenipa dakika mbili za maelezo binafsi. Tukirudi tu ukumbini.

SHEMEJI: Umeshaomba?

MHESHIMIWA: Nilipeleka kikaratasi asubuhi. Tangu mapumziko yaanze niko hapa mbele ya kioo nafanya mazoezi. Kwa nini unadhani niko chooni nusu saa?

SHEMEJI: Mimi nilidhani ni chakula. Haya, nisomee ulichoandika.

MHESHIMIWA: "Mheshimiwa Spika, kufuatia mkanganyiko wa kimaana uliojitokeza katika kipindi cha maswali—"

SHEMEJI: Uliojitokeza.

MHESHIMIWA: Ndiyo.

SHEMEJI: Wenyewe, kama uyoga.

MHESHIMIWA: Ni lugha ya Bunge, shemeji. "—mkanganyiko ambao kwa namna moja ama nyingine ungeweza kuathiri tafsiri ya—"

SHEMEJI: Nani alikosea?

MHESHIMIWA: Nafika huko. Ni ukurasa wa pili.

SHEMEJI: Dakika mbili una kurasa mbili? Utakatwa hujafika. Chana.

MHESHIMIWA: Nimeiandika mara nne hii.

SHEMEJI: Chana, nisikie. [karatasi inachanwa] Hiyo ni moja. Na ya pili.

MHESHIMIWA: Ya pili ina nukuu nzuri.

SHEMEJI: Shemeji.

MHESHIMIWA: [karatasi inachanwa] Haya.

SHEMEJI: Sasa sema kama unavyosema na mafundi wenzako. Ukipandisha ukuta ukapinda, unamwambiaje mwenye nyumba?

MHESHIMIWA: Namwambia ardhi imetitia.

SHEMEJI: Na kama ardhi haijatitia?

MHESHIMIWA: Hapo inabidi uubomoe.

SHEMEJI: Basi bomoa. Mimi ni shemeji yako, nimeshakucheka miaka thelathini, kwangu huna cha kupoteza. Niambie mimi kwanza.

MHESHIMIWA: Ni kwamba... palitokea...

SHEMEJI: Hapakutokea kitu.

MHESHIMIWA: Ilionekana kana kwamba—

SHEMEJI: Shemeji, simu inanilia, salio linaisha. Fundi, una vocha nyingine? Anasema hana. Sikia, usiseme palitokea, usiseme ilionekana. Anza na "ni". Mimi. Nili—

[simu inakatika]

MHESHIMIWA: Haloo? Nili nini? Haloo, shemeji? Nili... [maji yanachirizika] Mheshimiwa Spika, nilikosea. Nilikosea.

SAUTI MLANGONI: Mheshimiwa, kengele imelia. Uko na mtu humo?

MHESHIMIWA: Niko peke yangu.

SAUTI MLANGONI: Samahani. Nimesikia kama unasema umekosea.

MHESHIMIWA: Umesikia vizuri?

SAUTI MLANGONI: Vizuri, ila sijaelewa umekosea nini.

MHESHIMIWA: Nilitaka daraja dogo la miguu, nikaomba kivuko. Waziri aliponipa meli niliona aibu kusema, nikaulizia jaketi okozi.

SAUTI MLANGONI: [kicheko kinachozuiwa] Nisamehe, Mheshimiwa, sikukusudia—

MHESHIMIWA: Cheka tu, ndugu yangu. Ndani wako mia tatu. Nilitaka kusikia wa kwanza anachekaje. Haya, nifungulie mlango.