Syntiche Chilufya na Vyura wa Bwawa la Ruashi

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mbali kumsindikiza dada yetu, mimi ni Chisanga, mdogo wake, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa tangu Jumanne sikai mahali nikatulia.

Syntiche Chilufya alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Katuba, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani Mumba na mama Musonda, akasoma hapo hapo Katuba, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1997, akahitimu biolojia mwaka 2003 katika chuo kikuu mjini hapa, akabaki huko kufundisha. Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na Bwana Jeannot, wakajaliwa watoto wawili, Tracy na Kiki.

Tangu mwaka 2018 alifuatilia vyura wa mabwawa mawili ya Ruashi, ambayo zamani yalikuwa bonde moja, kabla barabara haijalikata, na hata kwenye harusi aliwaeleza mashangazi, chakula kikiwa mdomoni, kwamba vyura waliofungiwa bwawa dogo wanaoana ndugu kwa ndugu, mayai yao yanaharibika, na dawa ni kuwaletea wachumba kutoka ng'ambo ya barabara, mashangazi wakasukuma sahani. Bwawa dogo litafukiwa tarehe 3 Novemba, zijengwe nyumba, naye aliomba ruhusa ya kuwahamisha vyura wake, akaambiwa alete kwanza ushahidi wa vinasaba. Ushahidi huo ulikuwa vichupa 212 vya damu ya vyura, vilivyogandishwa kwenye friji nyumbani kwake, vikingoja kupelekwa maabara.

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2025 figo zilianza kumsumbua, na mwezi wa tisa, akiwa kitandani, aliniambia: "Chisanga, mu frigo yangu muntu asiguse kitu," nikamwitikia. Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi, nyumba ikajaa watu, samaki wakaletwa kwa mabeseni, na kwetu mgeni wa kilio halali njaa, basi mimi, kwa mikono yangu hii, nilitoa vichupa kwenye friji, nikaviweka juu ya ukuta, juani, nikapanga samaki mahali pake. Tracy alivikuta vimeoza vyote. Nasema haya mbele ya jeneza kwa sababu naona aibu.

Vyura wamejificha chini ya matope, hawatoki mpaka mvua ya kwanza, na mvua haijanyesha, na malori ya kufukia bwawa yana tarehe yake. Nimemwomba Tracy msamaha, naye jana alichukua madaftari na buti za mama yake, akaniambia nitafute ndoo za kubebea vyura.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia miezi tisa, majirani wa Katuba waliotupikia, wenzake wa chuo waliobeba jeneza, na nyote mliokaa nasi chini.

Yaya Syntiche, dada yangu mkubwa, pumzika kwa amani, sisi bado tunaangalia mawingu.