Shangazi wa Kitambaa na Mungu wa Waliochelewa

Mwanangu sasa hivi amelamba muhuri wa ofisi, ndiyo maana karatasi hii ina doa la zambarau pembeni. Mniwie radhi. Nimeombwa niandike, kwa ajili ya jarida letu, wasifu wa Shangazi wa Kitambaa, anayestaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwafuta vumbi miungu wadogo wa nyumba hii. Walionizidi kusoma wako tele, lakini mwenyewe alisema aandike mama mtoto.

Kwa msomaji mgeni: miungu wetu hukaa kwenye rafu, na kila mmoja huwa mkubwa kadiri anavyoaminiwa. Mungu wa visima alikuja akiwa na kimo cha kijiko, leo ana chumba chake na dirisha. Asiyeaminiwa hupungua kama kipande cha sabuni, mpaka asubuhi moja unakuta rafu tupu na harufu kidogo ya mvua.

Shangazi aliajiriwa akiwa msichana, kwa majaribio ya miezi mitatu. Wiki ya kwanza alimsugua mungu mmoja wa udongo kwa bidii ya mgeni, hadi akamfuta uso wote. Akalia, akafunga virago kabla hajafukuzwa. Kumbe mjane mmoja alikuwa amesimama pale, akautazama ule uso mtupu, akamwona mumewe. Aliyemfuata akamwona mama yake. Mpaka leo foleni ya mungu yule inafika jikoni, na Shangazi akiulizwa siri ya kazi hujibu kwamba ni kuharibu kwa moyo safi.

Mwaka wa mafuriko watu walimwogopa mungu wa mto mpaka akaota meno, safu mbili. Mkuu wa nyumba akataka afungwe mnyororo. Shangazi alichukua kitambaa chake, akapita kwenye foleni akiwasimulia waumini jinsi huyo mheshimiwa anavyokoroma, na jinsi anavyokwepa kuoshwa masikio. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jioni aliyaokota yale meno sakafuni, moja moja, laini kama punje za mahindi mabichi. Kesho yake maji yakashuka.

Lakini sote tunajua kilichotukosesha raha mwezi huu. Kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na mlango, anakaa mungu wa waliochelewa. Muumini wake alikuwa mmoja tu, Shangazi, naye anahamia kwa bintiye, mwendo wa siku mbili, na imani ya mbali haifiki ikiwa nzima. Tangu atangaze kustaafu, yule mungu alipungua hadi akawa kama punje ya mchele. Shangazi hakulalamika, ila tulimwona akimfuta kwa ncha ya kidole badala ya kitambaa, taratibu, kama anayemfuta mtoto machozi.

Mkuu akabandika ukutani zamu ya kuamini: Jumatatu mpishi, Jumanne mlinzi, Jumatano karani. Mpishi alisema ameamini saa nzima na alichopata ni njaa. Mlinzi, ambaye hajachelewa popote tangu azaliwe, aliamini kwa mashaka, na mungu wa watu akashikwa na kwikwi siku mbili. Karani alisinzia. Kumbe imani haipangiwi zamu, kama vile usingizi hauji kwa kuamriwa.

Mimi sikupangiwa, maana siku ya kupanga nilichelewa. Nachelewa kila siku: nikimvisha mtoto hutapika, nikimbadilisha huloanisha. Mlango wa wafanyakazi hufungwa saa moja kamili, na kila asubuhi nakimbia nikiomba kimoyomoyo, bila kujua namwomba nani, niukute wazi. Mwaka mzima nimeukuta wazi, upana wa mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Nilijua ni Shangazi. Juzi nikamwendea kumshukuru kabla hajaondoka. Aliacha kufuta, akanigeukia.

"Mwanangu, ufunguo wa mlango ule sijapewa hata siku moja."

Tukapiga magoti mbele ya rafu ya chini. Punje yote ile ilikuwa imejimaliza kwa kunifungulia mimi, kwa nguvu za imani ya Shangazi. Nikamwambia asante, safari hii nikijua namwambia nani. Akawa kama haragwe. Akawa kama kidole gumba changu. Shangazi akasema kwake siku zote mungu yule alikuwa kikongwe mwenye mkongojo, na sasa, tazama, ule mkongojo unayeyuka, anaota miguu ya mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na kifurushi mgongoni. Shangazi alicheka hadi akakalia ndoo ya maji. Kisha akanikabidhi kitambaa, bado kina joto la mkono wake.

Shangazi, asante kwa miaka yote uliyotufundisha kushika kwa upole vitu vinavyoweza kutoweka. Nenda ukalale mpaka jua lenyewe lichoke kukusubiri. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na vumbi, wajukuu wasumbufu kiasi, na magoti yasiyo na... naitwa, mlinzi anapiga kelele kwamba sherehe imeanza na milango ya ukumbi imeshafungwa, yote, isipokuwa mmoja ambao haelewi kwa nini kila akiusukuma ufungike unafunguka tena, upana wa mtu aliyebeba