Sombe ya Majani ya Madoa

Benchi lile liko kando ya barabara inayoshuka bandarini Baraka, mguu wake mmoja ni jiwe, na anayekaa upande wa jiwe ndiye mwenye cheo. Asubuhi ile cheo kilikuwa cha Placide, mtengeneza simu, wanayemwita Satelite kwa kuwa redio ni yake. Katikati alikaa Jérémie, Dokta Kisanduku, aliyewahi kubeba kisanduku cha barafu cha chanjo kwa siku nne na tangu hapo hajashuka kwenye udaktari. Mwishoni Alphonse, mwalimu mstaafu, jina la kijiweni Conclusion. Kahawa ni ya Zuberi, anayeiuza kwa birika, tangawizi haipungui. Ketsia hakuja kukaa. Alikuwa njiani kwenda kituo cha afya, Vainqueur mgongoni, miezi minane, joto la mtoto likipenya kikwembe mpaka kwenye uti wa mgongo wake, akasimama akaze fundo tu, fundo basi, na hapo akasikia neno muhogo.

— Redio imesema, Satelite alikuwa anaeleza, bataalamu banakamata kirusi ya mimea, banaitosha tumbo yote inje, banatia mule barua yao, kisha banaifundisha njia ya kuingia katika mwili ya munyama. Kesho ni muntu. Mwili inasoma barua, inafanya yenye imeandikwa.

— Kirusi ya mumea gani? Zuberi akauliza.

— Pile, betri ya redio, ilikufa mbele ya kumaliza. Lakini hapa kwetu mumea yenye kugonjwa ni gani? Si muhogo?

Ketsia akasahau fundo. Eneo zima la Fizi linajua kwamba majani ya muhogo yenye madoa ya njano, yale yaliyojikunja, ndiyo laini, ndiyo matamu. Mama mkwe wake huyachuma ya kwanza kabla jirani hajayaona. Naye ameyatwanga, ameyapika, na mchuzi wa sombe ile akamwonjesha mtoto.

— Papa Jérémie, akasema, pumzi ikimtangulia, kama mutoto amekula, kidogo tu, muchuzi tu, na kijiko, juzi, hapana, juzi na jana, ile ya madoa, sasa iko na homa, inaweza kuwa...

— Ya madoa! Jérémie akaweka kikombe chini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kirusi ni mugeni, imepiga hodi, mwili imefungua. Ile moto ya mutoto njo barua inasomwa.

— Na muhogo inaandika barua ya nini? Zuberi akauliza.

— Ota mizizi! Jérémie akajibu.

— Zuberi, we unacheka, Satelite akasema. Bazungu banataka tukule jua, sawa vile majani. Njaa inaisha, mashamba inabakia yabo.

Alphonse akakohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kuhitimisha.

— Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Conclusion: nyenzo njo shiye, shiye bantu. Miti imechoka kusimama. Itaingia ndani yetu, tuitembeze.

— Ikiingia ndani yako itatembea wapi, mwalimu? Nyumba na benchi, benchi na nyumba? Zuberi akasema.

Wakacheka. Ketsia hakucheka. Jérémie akamwinamia, kwa upole wa daktari.

— Mama Vainqueur, sikia. Usiende hospitali kwanza. Batakuuliza umemulisha nini. Utajibu nini? Rudia nyumba, mupe maji ya majivu, atapike barua yote.

Kituo cha afya kilikuwa upande wa kushoto, nyumbani upande wa kulia. Ketsia akakaa. Zuberi akampa kikombe ambacho hakukiomba, akakishika tu, akiwaza majivu, jikoni yapo, ya jana, kijiko kipi, kiasi gani.

Boti la kutoka Ubwari, ng'ambo ya ghuba, lilikuwa limetia nanga. Mama mmoja akapanda kutoka bandarini na beseni la ndagala, akaomba nafasi ya kulitua: Godelieve, mgeni pale, hana jina la kijiweni. Wakamsimulia wote watatu kwa mpigo. Alisikiliza huku akiondoa mchanga kwenye samaki.

— Mi sikusoma, akasema. Lakini kama kirusi ya muhogo inajua kuingia katika muntu yenyewe, bale bataalamu banaifundisha njia ya nini?

Satelite akaitikisa redio. Jérémie akamtazama Alphonse. Alphonse akafungua mdomo, akautia kahawa.

— Shiye Ubwari tunakula ya madoa tangu bibi ya bibi, Godelieve akaendelea, na mizizi hatujaona. Akanyoosha mkono, akauweka kwenye shingo ya Vainqueur, akauondoa upesi. — Lakini huyu anachemka. Tangu lini?

— Siku ya nne, mama.

— Ya nne! Sombe ulimupa juzi, homa ilikuwa naye tayari. Nani kati ya hawa madokta amemugusa?

Kikombe kilikuwa kimeshawekwa chini, bado kimejaa. Ketsia alifunga fundo akiwa anatembea, kisha hakuwa anatembea tena, alikuwa anakimbia, kushoto. Nyuma yake akasikia kile kikohozi maalumu, na sauti ya Zuberi:

— Kahawa imeisha, mwalimu.

Na birika likatua chini, kwa mlio wa kitu kilichojaa.