Tetekuwanga Ilivyomkata Baba Akinyi Kicheko

Vijana mtakaosoma haya, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyenirudishia mume! Mimi shule nilionja tu, lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Miaka ile tulikaa mtaa wa Obunga. Baba Akinyi alikuwa hamali wa mkokoteni sokoni, na kicheko chake kilifika nyumbani kabla yake. Binti yetu Akinyi akashikwa na homa, kisha vipele vikatoka kifuani na mgongoni, vikajaa maji. Majirani wakapiga kelele: ndui! Nikambeba mpaka zahanati. Nesi akamgeuza, akasema, "Mama, tazama. Vingine ndiyo kwanza vinaanza, vingine vina maji, vingine vimekauka. Vipele vya ndui huiva pamoja. Hii ni tetekuwanga." Akaniagiza nimwogeshe, nimkate kucha asijikune, akae ndani mpaka vyote vikauke, na wenye mimba wasimkaribie.

Jirani yangu Mama Ouma akanikemea, "Ukimmwagia maji vitarudi ndani vimuue!" Nikamwogesha. Ndugu zangu, mtoto akapona!

Baba yake siku zote hizo alimtania, "Nani amekununulia shanga mwili mzima?" Basi shanga zikamvaa yeye. Homa kali, vipele mpaka mdomoni. Nikaleta wembe nimkate kucha. Akafoka, "Toka hapa! Huo ni ugonjwa wa watoto."

Akinyi akachungulia mlangoni. "Baba, nani amekununulia?"

Akafungua mdomo amjibu. Akakohoa. Akajaribu tena, pumzi ikamkatika katikati. Mtu yule, kukosa pumzi ya utani! Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoogopa.

Mama Ouma akasema, "Mfunike mablanketi atoke jasho."

Nikasema, "Leteni mkokoteni!"

Hamali wenzake wakaja, wakampakia kwenye mkokoteni wake mwenyewe, wakausukuma mbio hadi hospitali, mimi nyuma nikiomba kwa sauti bila haya. Daktari akasema ugonjwa umeingia mapafuni. Mtu mzima huumizwa zaidi kuliko mtoto, na tungekawia tungemzika. Wakamtibu, Bwana akaibariki dawa.

Siku ya kurudi, nilimsikia tangu barabarani: "Akinyi! Mama yako ndiye aliyeninunulia, tena kwa bei ya jumla!" Nikalia, nikacheka, nikapiga magoti pale pale kwenye matope. Haleluya! Mtegemeeni Mungu huyu, vijana, na mgonjwa mpelekeni mapema.

Haukupita muda, mdogo wake Akinyi naye akatokwa na vipele. Safari hii hakuna aliyebishana. Nikasimama mlangoni nikasema: "Pasheni maji, leteni wembe. Kucha zote za nyumba hii, tuanze na za Baba!"