Joto la Kifuani

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Mwenyekiti aliponiomba niseme, nilitaka kukataa. Habari zenyewe ni za marehemu mke wangu, na wengine wenu hapa mlimbeba.

Mnakumbuka mwaka ule chama cha ushirika kilipokufa. Kahawa ikanunuliwa na watu binafsi, wanakuja na magari yao wakati wa mavuno, kisha hawaonekani. Lori la chama, lililokuwa likibeba hata wagonjwa wetu, likabaki juu ya mawe bila magurudumu. Mvua zikiwa zimechachamaa, mke wangu akashikwa na uchungu. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

Nikakata miti miwili ya mkaratusi, nikashona magunia ya kahawa, ikawa machela ya kumpeleka hospitali. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilijivuna kidogo. Tulipofika kwenye mteremko wa mto, gunia likachanika. Akaanguka. Tukasimama kuliunga kwa kamba ya katani, na pale pale kando ya njia akajifungua. Damu haikukata.

Akaniuliza, "Mtoto analia?"

Nikasema, "Analia."

Alikuwa halii. Mke wangu hakuuliza tena.

Baada ya mazishi nikaingia kwenye pombe. Nilisema mikono yangu ndiyo iliyomuua. Mtoto alikuwa hai, wa kike, kadogo mno. Mama mkwe alimweka kikapuni, akamzungushia chupa za soda zenye maji ya moto, amezifunga vitambaa. Jirani aliyekuwa akinyonyesha alikamua maziwa, mtoto akanyweshwa kwa kijiko. Mimi sikwenda kumwona.

Siku ya tisa, mchana, mama mkwe akaja mwenyewe hadi kilabuni, mtoto kamfunga ndani ya nguo. Mnajua tunavyoheshimiana na wakwe. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua shati."

"Mama?"

"Kuni zimelowa, chupa zimepoa, na mimi malaria imenishika, natetemeka. Wewe una joto. Mambo ya ukwe tutayarudia akipona."

Akamlaza kifuani kwangu, akatufunga kwa kanga. Alikuwa wa baridi kama samaki. Nililia mbele ya walevi wenzangu. Wiki nyingi nilikula naye pale kifuani, nikalala nimeketi. Pombe niliiacha kwa kuogopa kusinzia nikamlalia.

Mwaka huu ameanza darasa la kwanza. Mguu mmoja anauburuza kidogo. Gunia lingekuwa zima, mama yake angepona? Sijui, na nimekubali kutojua.

Nawashukuru mliobeba, wewe jirani uliyegawa maziwa ya mwanao, na wewe mama. Ninachowaomba ni kimoja: mkimwona mwenzenu amejifungia na kosa lake, msimpelekee maneno. Mpelekeeni kazi ambayo siku hiyo hakuna mwingine wa kuifanya, hata kama desturi inakataa.

Asanteni. Naomba nikae.